Nusu Siku Mjini Berlin: Msafiri wa Tanzania Atembee na Daftari

Kikatiti ni kijiji cha kando ya barabara kuu. Mabasi yatokayo Moshi kwenda Arusha hupita hapo kutwa kucha, Mlima Meru ukiwa mbele yao, na abiria wengi hawana sababu ya kugeuza shingo. Hata hivyo mkaazi wa Kikatiti anaishi katikati ya mahali pawili ambapo historia ya Ujerumani na historia ya nchi hii zilikutana kwa damu. Upande wa mashariki iko Moshi ya Kale, ambako tarehe 2 Machi 1900 watawala wa Kijerumani waliwanyonga watu 19, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru. Upande wa magharibi liko Boma la Arusha, lililokamilika mwaka huo huo wa 1900, na ambalo Waarusha na Wameru walilazimishwa kulijenga kwa mikono yao wenyewe baada ya kushindwa vitani.

Mambo hayo mawili yaliamriwa na maofisa waliokuwa hapa, lakini mamlaka yao yalitoka mbali. Yalitoka Berlin. Kwa sababu hiyo ukurasa huu unapenda leo kumchukua msomaji matembezini katika mji huo, kwa miguu, bila ya kuajiri mtu wa kumwongoza.

Wapo watakaouliza faida ya habari hii kwa mtu wa Makunduchi au wa Wete, ambaye pengine hatafika Ujerumani maishani mwake. Jibu letu ni kwamba wako wanaokwenda kwa niaba yake. Watumishi wa Serikali ya Muungano na wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, walimu, waganga na wanafunzi husafiri kwenda Berlin kwa mikutano na mafunzo. Kazi inapokwisha, hupata nusu siku ya mapumziko. Wengi huitumia madukani, au hupanda basi la watalii na kuonyeshwa Lango la Brandenburg na mabaki ya ule ukuta uliobomolewa tangu mwaka 1989. Hayo yana thamani yake, lakini ni historia ya wenyeji. Iko historia nyingine katika mitaa ile ile, nayo ni yetu. Msafiri na achukue ramani ya mji, viatu vizuri na daftari.

Tuanzie hapo hapo kwenye Lango la Brandenburg, lililosimama tangu mwaka 1791. Hatua chache upande wa mashariki, msafiri atakuta Mtaa wa Wilhelmstraße ukikata kuelekea kusini. Aufuate kiasi cha robo saa hadi nyumba namba 92. Asitazamie jumba. Jumba la Kansela Bismarck lililokuwa hapo halipo tena. Mahali pake pana majengo ya kawaida ya kukaa watu, na kando ya njia pamewekwa kibao cha maelezo. Hapo ndipo palipofanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa mezani kuandikiana kanuni za kuigawa Afrika, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyekaa nao.

Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, yaani tarehe 27 Februari 1885, Mfalme wa Ujerumani alitia sahihi hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters. Mtu huyo alikuwa amerudi kutoka Usagara, Uzigua, Unguru na Ukami akiwa na karatasi alizoziita mikataba, zilizowekwa alama na viongozi wasiojua kilichoandikwa ndani yake. Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja mwezi wa Agosti 1885, mizinga yake ikiuelekea mji. Katika msafara huo alikuwemo pia dada yake Sultani, Sayyida Salme, aliyeolewa na Mjerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Serikali ya Bismarck ilikuwa imemleta iwe ni njia nyingine ya kumsukuma Sultani.

Msomaji wa visiwani aandike jambo moja zaidi akiwa bado katika mtaa huu wa wizara za zamani. Tarehe 1 Julai 1890, papo hapo mjini Berlin, Ujerumani na Uingereza zilitiliana sahihi mkataba. Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza, na yenyewe ikapata Heligoland, kisiwa kidogo cha mwamba katika Bahari ya Kaskazini. Watu wengi wamezoea kusema kuwa Wajerumani waliibadilisha Zanzibar kwa Heligoland. Usemi huo unawapa Wajerumani haki ambayo hawakuwa nayo. Zanzibar haikuwa mali yao hata waweze kuitoa. Ilikuwa na mfalme wake, bendera yake na mabalozi wa nchi za nje waliokaa mjini humo. Lililobadilishwa ni madai ya wageni wawili, mwenye nyumba akiwa nje ya mlango. Mwaka huo huo Sultani alilipwa marki milioni nne kwa mwambao wa bara aliouachia Ujerumani.

Msafiri sasa arudi kaskazini hadi barabara pana ya Unter den Linden, kisha ashike upande wa mashariki chini ya miti yake. Atalipita jengo la Chuo Kikuu cha Humboldt, kilichoanzishwa karne mbili zilizopita. Mwaka 1887 chuo hicho kilifungua shule ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo kufundishwa humo, maana makarani na maofisa waliopelekwa kututawala walihitaji kuijua lugha yetu. Walimu waliitwa kutoka kwetu. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha hapo kati ya mwaka 1891 na 1895, na aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake katika mji huo. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1894. Baada yake alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ndiyo msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Mwalimu huyo aliacha kazi mwaka 1905 baada ya kuvunjiwa heshima na wanafunzi ambao hawakutaka kumwamkia Mwafrika kama mwalimu wao. Alibaki Ujerumani, na alifariki mjini Berlin mwaka 1927.

Tunayataja majina haya kwa makusudi. Anayetembea Berlin akidhani kuwa yeye ni Mswahili wa kwanza kuikanyaga njia ile ya miti, na ajue kuwa wazee wetu walipita hapo na kalamu mkononi zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Mwisho wa barabara, ng'ambo ya daraja, limesimama kasri kubwa la wafalme. Kwa macho ni la kale, lakini kwa kweli ni jipya. Kasri la asili liliungua katika Vita Kuu ya Pili, na Serikali ya Ujerumani Mashariki ilililipua mwaka 1950. Baadaye ilijenga hapo jumba la wananchi, nalo likabomolewa baada ya nchi kuungana. Kisha kasri likajengwa upya, na tangu mwaka 2021 watu huingia kutazama makumbusho yaliyomo, yanayoitwa Humboldt Forum. Ndani yake mna vitu kutoka pande zote za dunia, na vya kwetu vimo. Mwishoni mwa mwaka 2024 lilifunguliwa humo onyesho juu ya historia ya Tanzania, lililotayarishwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya nchi yetu. Ni dalili njema kwamba wataalamu wetu walishiriki kuandika maelezo. Lakini msafiri asitosheke na kuajabia. Mbele ya kila kitu ajiulize maswali matatu: kilitoka kijiji gani, kilitoka mwaka gani, na kilitoka kwa njia gani? Kibao kisichojibu swali la tatu bado hakijamaliza kazi yake.

Kutoka hapo safari inaelekea kaskazini, mwendo wa nusu saa hivi, hadi Mtaa wa Brunnenstraße namba 193. Hapa lazima msafiri atazame chini. Katika mawe ya njia ya wapita kwa miguu, mbele ya nyumba, kimepachikwa kibati cha shaba chenye upana wa sentimita kumi. Mji wa Berlin una vibati vingi vya namna hiyo, kila kimoja mbele ya nyumba ya mtu aliyeangamizwa na utawala wa Hitler. Hiki kina jina la mtu wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa mwaka 1904.

Husen alikuwa mtoto tu alipochukuliwa katika jeshi la Wajerumani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kama baba yake aliyekuwa askari. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa kijeshi ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Serikali ilimkatalia. Akabaki mjini humo akifanya kazi ya kuhudumia wateja hotelini, akisaidia kufundisha Kiswahili katika shule ile ile tuliyoitaja, na akiigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, na bila ya kufikishwa mahakamani alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944. Kibati chake kiliwekwa mwaka 2007. Mtu aliyekwenda kudai haki yake kwa wale aliowapigania alilipwa kwa kifo. Asimame hapo msafiri kwa dakika moja, kama ilivyo ada.

Sasa ashike Mtaa wa Invalidenstraße kuelekea magharibi, na katika namba 43 ataingia Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Katika ukumbi wa kwanza ataona mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na hakuna mifupa ya mnyama iliyosimamishwa popote duniani inayoipita kwa kimo. Yalikotoka mabaki haya ni kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani walichimba huko kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuliacha eneo lote la kusini likiwa na njaa na makaburi. Mamia ya wananchi walichimba, na wapagazi wakaibeba mizigo kwa kichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye ujuzi wake wa kuchimbua na kutengeneza mifupa ile uliwashangaza hata wataalamu wenyewe. Mifupa ilisimamishwa ukumbini mwaka 1937.

Suala la mjusi huyu limekwisha ulizwa katika Bunge letu zaidi ya mara moja. Wako wasemao arudishwe, na wako wasemao kuwa gharama ya kumsafirisha, kumjengea nyumba na kumtunza ni kubwa, hivyo afadhali tupate sehemu ya faida na msaada wa kitaalamu. Ukurasa huu hauna haja ya kuliamua hilo leo. Tunalosema ni kwamba mtumishi wa Serikali anayepaswa kulizungumza hawezi kulizungumza vizuri ikiwa hajasimama chini ya shingo ile na kuona umati wa watoto wa shule wanaoingia humo.

Nje ya makumbusho kuna stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Msafiri apande treni ya kaskazini hadi stesheni ya Rehberge, mtaani Wedding. Akitoka juu atakuta vibao vya barabara vinavyomwita kwa majina ya nyumbani: Ugandastraße, Tangastraße, Usambarastraße, na kwa msomaji wetu wa visiwani, Sansibarstraße. Huu ndio Mtaa wa Kiafrika. Majina yalianza kutolewa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mji ulipotaka kujisifia makoloni yake, na yaliendelea kutolewa hata baada ya makoloni yenyewe kupotea.

Humo humo kulikuwa na barabara ya Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, wakati wa utawala wa Hitler. Wananchi walipolalamika, mwaka 1986 wakuu wa mji walitangaza kuwa kuanzia siku hiyo Peters anayekusudiwa ni mwingine, Hans Peters, mwanasiasa wa Berlin asiyehusika na Afrika. Kibao kikabaki kile kile. Lakini Waafrika wakaao Berlin na marafiki zao hawakukubali kuliwazwa namna hiyo. Walifanya mikutano, waliandika barua, na mnamo Agosti 2024 kibao kilishushwa. Barabara ikagawanywa sehemu mbili: moja inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke mpigania haki wa Namibia, na nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee. Leo mwenyeji wa Berlin akiandikiwa barua, bahasha inataja vita vya wazee wa Songea, Kilwa na Mahenge.

Hapo matembezi ya miguu yanakwisha, lakini daftari halijafungwa. Kimebaki kituo kimoja ambacho msafiri hawezi kukiona, kwa kuwa hakionyeshwi kwa watalii. Katika ghala za makumbusho ya Berlin yamehifadhiwa mafuvu ya watu. Maofisa, waganga na wataalamu wa enzi ya ukoloni waliyakusanya makaburini, katika mashamba ya vita na chini ya miti ya kunyongea, wakayapeleka Ujerumani kwa kisingizio cha elimu. Uchunguzi ulioanza mwaka 2017 juu ya mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki ulionyesha kuwa 904 yalitoka katika nchi ya Rwanda ya leo, 202 Tanzania na 22 Kenya. Mwezi wa Septemba 2023 ilitangazwa kuwa kipimo cha vinasaba kimewapata jamaa wa damu walio hai, hapa Tanzania, wa mafuvu matatu. Moja lilithibitika kuwa la Akida, mshauri wa karibu wa Mangi Meli. Fuvu la Mangi mwenyewe, ambalo ukoo wake umelitafuta kwa miaka mingi, halikuonekana miongoni mwa yaliyopimwa.

Hili ndilo linalomrudisha msomaji Kikatiti. Kwa Wameru, Waarusha na Wachaga, kama ilivyo kwa watu wa visiwani, maiti ina haki zake. Mzee asiyezikwa kwa utaratibu hubaki ni deni la ukoo. Katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro kuna familia ambazo, zaidi ya miaka 120 tangu siku ile ya Machi 1900, hazina kaburi la kuonyesha watoto wao. Mjusi wa Tendaguru tunaweza kumjadili kwa hesabu ya gharama na faida. Mabaki ya binadamu hayana hesabu ya namna hiyo.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na nchi yake. Alifanya jambo la kiungwana, na hatuna budi kulipokea kiungwana. Urafiki wa leo ni wa kweli. Hata makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Arusha, yaliyofunguliwa Novemba 2012, yalijengwa kwa fedha za Ujerumani, katika mji ambao jengo lake la kwanza la serikali lilikuwa boma la Wajerumani. Lakini urafiki hauzuii kudaiana. Rafiki wa kweli ndiye anayeweza kukumbushwa. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa Serikali mambo matatu. La kwanza, kila ujumbe unaokwenda Berlin kwa fedha za umma utengewe nusu siku ya matembezi haya, na ukirudi uandike ulichokiona, maandishi hayo yawekwe mahali yanapoweza kusomwa. La pili, suala la mabaki ya wazee wetu lishughulikiwe pamoja na koo zenyewe. Wazee wa Moshi na Meru waambiwe hatua iliyofikiwa kwa Kiswahili chepesi, katika mikutano ya vijiji, wala wasiachwe kuzisikia habari za mababu zao kutoka kwa waandishi wa nje. La tatu, miji yetu nayo itembewe. Arusha ina Boma la mwaka 1900, ina ukumbi wa Kaloleni ambamo Azimio la Arusha lilipitishwa Januari 1967, na ina jumba la mikutano ambamo makubaliano ya amani ya Burundi yalitiwa sahihi Agosti 2000. Unguja ina Mji Mkongwe mzima. Karatasi moja yenye ramani na maelezo ya Kiswahili sanifu, ikigawiwa katika shule zetu, ingetosha kumfanya mtoto wa Kikatiti au wa Makunduchi aujue mji wake kwa miguu yake mwenyewe.

Waafrika wakaao Berlin walipigania kibao kimoja kwa miaka mingi mpaka kikashushwa, nao wako ugenini. Sisi tulio nyumbani, wenye Serikali yetu na sauti yetu, hatuna udhuru wa kunyamaza.